Gharama ya Kukauka: Nywele za Wanawake wa Busia na Tororo

Historia ya nywele za Mwafrika imezoeleka kusimuliwa kwa njia moja: mkoloni alikuja na kitana chake, Mwafrika akazionea haya nywele zake, akazichoma na kuzitia dawa mpaka zikanyooka, kisha siku moja akazinduka na kuzirudia za asili. Simulizi hiyo ina ukweli mwingi na sina nia ya kuipinga. Lakini ukiipeleka Busia na Tororo, kwenye ukanda ambako Kenya na Uganda zinatazamana ng'ambo ya barabara moja, inaacha mengi nje. Inamtazama mwanamke akiwa mbele ya kioo tu. Haimtazami akiwa amekaa kwenye kigoda, kichwa kimelowa, akisubiri. Ninachodai ni kwamba katika ukanda huu kilichobadilika kwa karne nzima si umbo la nywele peke yake. Kilichobadilika zaidi ni kile kinachozikausha, na nani anabeba gharama ya kuzikausha: kwanza muda na jua, kisha mkaa, kisha umeme na dawa ya dukani.

Ili dai hilo lieleweke, ni lazima kuanza na maji yenyewe. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na sehemu za protini hiyo hushikana kwa vifungo vya haidrojeni ambavyo maji huvifungua. Nywele zikilowa hulegea na kukubali kuvutwa. Zikikauka vifungo vinajifunga upya, na umbo zilizokaukia ndilo zinalobaki nalo mpaka zilowe tena. Nywele za kipilipili zikiachwa zijikaushie zenyewe hujikunja na kurudi juu, hata zile ndefu zionekane fupi mno kuliko urefu wake halisi. Kwa hiyo mwenye nywele hizo ndefu anazo saa chache tu za kuamua zitakaaje wiki nzima, nazo ni zile ambazo zingali mbichi. Vitabu vya urembo vya Ulaya humwonya msomaji asichane nywele zilizolowa kwa kuwa hukatika. Onyo hilo ni sahihi kwa nywele zilizonyooka. Kwa za kipilipili vipimo vimetoa jibu la kinyume: chanuo hupita kwa nguvu ndogo zaidi zikiwa na maji kuliko zikiwa kavu. Kanuni iliyoandikwa kwa kichwa kimoja haikufaa kichwa kingine, na kazi ya wasusi wa Afrika Mashariki imesimama juu ya tofauti hiyo.

Kanuni ya kuunda zikiwa na maji na kuacha ukavu ushike ni ya zamani katika eneo hili, na ushahidi wake ulio wazi zaidi unatoka kwa wanaume. Wateso wanaoishi Tororo na upande wa Kenya, huko Malaba na Amagoro, ni wa jamii moja ya lugha na Wakaramoja na Waturkana wa kaskazini. Kwa Wakaramoja na Waturkana, wanaume walikuwa wakizijenga nywele zao kwa udongo uliolowa, wakazifinyanga, wakazipaka rangi na kuzichomeka manyoya ya mbuni. Udongo ukishakauka, umbo lile lilikaa muda mrefu, na mwenyewe alilala akiwa ameweka shingo juu ya kigoda kidogo cha mti, ambacho Waturkana hukiita ekicholong, ili asiliharibu. Sisemi kwamba Wateso wa Tororo walifanya hivyo hivyo. Walikwishahama na kuwa wakulima, na maisha ya mkulima yana mahitaji mengine. Nasema tu kwamba ujuzi wa kutumia maji kama chombo cha kuundia nywele haukushushwa hapa na gari moshi.

Hapa panatokea pingamizi ambalo ni zito, nami nalikubali kwa sehemu. Kwa Wasamia, Wakhayo, Wapadhola na majirani zao, kichwa cha kawaida cha mwanamke hakikuwa na nywele ndefu. Kunyoa kulikuwa na nafasi kubwa katika desturi, hasa katika msiba: baada ya maziko, jamaa wa marehemu walinyolewa, na nywele mpya zilizoota zilihesabiwa kuwa za maisha mapya. Basi mtu anaweza kuuliza, historia ya nywele ndefu itatoka wapi mahali ambapo wembe ulikuwa karibu kiasi hicho? Jibu langu ni kwamba swali hilo linalitia nguvu dai langu. Nywele ndefu ni mali inayodai muda. Mwanamke anayelima kwa jembe la mkono, anayeteka maji kwa mtungi na kusaga wimbi kwenye jiwe, hana nusu siku ya kuzitunza kila wiki. Wembe haukuwa alama ya kukosa ujuzi wala ya kutojali urembo, bali hesabu ya haki kuhusu saa za mtu. Nywele zilipoanza kurefushwa kwa wingi katika karne ya ishirini, kilichotafutwa kwanza kilikuwa saa za kuzikausha na kuzisuka.

Wamisionari waliingia katika hesabu hiyo kwa mlango wa shule. Waanglikana wa CMS na Wakatoliki wa Mill Hill, waliofanya kazi mashariki ya Uganda na magharibi ya Kenya, walitaka mwanafunzi mwenye kichwa safi, na usafi waliupima kwa ufupi wa nywele. Walikuwa na sababu: choa cha kichwani kilisumbua watoto wengi, na chawa pia, na bwenini vyote viwili huenea upesi. Mpaka uliochorwa baada ya Jimbo la Mashariki la Uganda kukatwa mwaka 1902 na sehemu yake kuwekwa upande wa Kenya ya leo ulikuja kuzigawa hata kanuni hizi. Uganda imeshikilia mkasi: katika shule nyingi za serikali msichana hubaki na nywele fupi mpaka amalize sekondari. Kenya imelegeza zaidi, na shule nyingi huruhusu mistari iliyosukwa vizuri. Kwa hiyo Busia, ambako watoto wa ukoo mmoja husoma pande mbili, binamu mmoja hutumia Jumapili jioni akiwa kati ya magoti ya shangazi yake huku mwingine akicheza nje. Sioni haki katika kuuita upande mmoja wa kizalendo na mwingine wa kikoloni. Shule ya Uganda imemwondolea mama gharama ya muda. Ile ya Kenya imemwachia mtoto nywele zake na kumwachia mama gharama hiyo. Wanaojadili kanuni za nywele shuleni wangezungumza kwa uadilifu zaidi kama wangeliweka jambo hili mezani.

Kifaa kilichowawezesha wanawake wengi kurefusha nywele bila mashine kilikuwa uzi. Nywele huoshwa, hupakwa mafuta zingali na unyevu, hugawanywa mafungu, na kila fungu huzungushiwa uzi mweusi kutoka shinani hadi nchani. Zinapokauka ndani ya uzi hazipati nafasi ya kujikunja. Siku ya kufungua hutoka ndefu na laini, tayari kusukwa. Mtindo huo ulienea sana Afrika miaka ya 1960 na 1970, kutoka Nigeria, ambako mpigapicha J.D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kuweka kumbukumbu ya misuko ya wanawake, mpaka kwetu. Mara nyingi huhesabiwa kuwa mtindo wa kujivunia uhuru. Ulikuwa hivyo, na ulikuwa pia teknolojia ya ukaukaji iliyo rahisi kuliko zote: rola ya uzi, mafuta kidogo, mikono ya jirani na usiku mmoja wa kulala.

Urahisi huo ulikuwa na maana ya pekee Tororo katika miaka ya Idi Amin. Wafanyabiashara wa Kiasia walifukuzwa mwaka 1972, maduka yakabaki na rafu tupu, sabuni na mafuta vikawa bidhaa za kutafutwa kwa magendo kutoka Kenya. Mwaka huo huo sketi fupi zilipigwa marufuku, na mwaka 1974 ikafuata zamu ya mawigi. Dar es Salaam ilikuwa imetangulia: Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwaka 1968 vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na dawa za kuchubua ngozi. Lakini mbele ya Tororo palikuwa na jambo ambalo Dar es Salaam haikuwa nalo, yaani nchi nyingine mwendo mfupi tu kutoka hapo, ambako wigi lilivaliwa bila hofu na dawa ya nywele iliuzwa dukani. Uzi haukuhitaji kuvushwa. Haukukatazwa, haukuharibika njiani, na askari hakuwa na sababu ya kuukamata. Ndiyo maana nashawishika kwamba kudumu kwa uzi upande wa Uganda katika miaka hiyo kuelezwe kwa uhaba kabla ya kuelezwa kwa fahari, ingawa fahari nayo ilikuwapo.

Na umeme? Hapa Tororo ina kisa chake. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, na mji wa Tororo, wenye kiwanda cha saruji, ulikuwa miongoni mwa miji iliyokusudiwa kunufaika. Kabla miaka ya 1950 haijakwisha, nyaya kubwa zilipita Tororo zikipeleka umeme Kenya. Sehemu ya umeme uliotumika Kenya wakati huo, pamoja na uliowasha mashine za saluni za Nairobi, ilipita juu ya vichwa vya wanawake wa Tororo ambao wao wenyewe waliendelea kukausha nywele juani. Kwao joto lilikuja kwanza kwa chanuo la chuma lililotiwa kwenye jiko la mkaa. Chanuo hilo lilinyoosha upesi, ila lilikuwa na udhaifu ambao hali ya hewa ya hapa iliufichua mara moja. Joto, kama maji, hugusa vile vifungo dhaifu tu. Katika nchi ya misimu miwili ya mvua, jirani ya Ziwa Viktoria, mvuke wa asubuhi moja huzirudisha nywele zilikotoka. Aliyechoma nywele Jumamosi alikuwa na wasiwasi wa wingu, na aliyesuka hakuwa nao.

Pingamizi la pili ndilo nililolitarajia tangu mwanzo: dawa. Dawa ya kunyooshea huvunja vifungo vya salfa, ambavyo maji hayawezi kuvivunja, na nywele haziwezi kurudi. Je, hapo si ndipo historia ya maji inapokoma? Ningekubali kama dawa ingefanya kazi peke yake. Lakini nywele zilizotiwa dawa huoshwa, hukunjwa kwenye rola zikiwa na maji, na mwenyewe huketishwa chini ya draya mpaka zikauke katika umbo la rola. Mtindo wa kali, yaani wa nywele zilizokunjwa mawimbi kwa dawa, uliotamba miaka ya 1980, ulikwenda mbali zaidi: ulidai nywele zisikauke kabisa, zinyunyiziwe dawa ya unyevu kila siku, na kola za mashati zikabeba ushahidi. Hata nywele bandia zimerudi kwenye maji. Nyuzi za Kanekalon, ambazo kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1957, zinaposukwa leo huchovywa ncha zake katika maji ya moto ili zitulie na zisifumuke. Dawa ilibadilisha kemia ya unywele. Haikuondoa kusubiri, na iliongeza hatari. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Oktoba 2022 ulikuta uhusiano kati ya kutumia mara kwa mara dawa za kunyoosha na saratani ya mji wa mimba. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, lakini unatosha kumfanya mtu afikiri.

Dawa na mafuta yalibadilisha pia mwelekeo wa mizigo mpakani, na jambo hili halijapewa uzito linaostahili. Katika miaka ya magendo bidhaa za urembo zilielekea magharibi, kutoka Kenya kwenda Uganda. Mwaka 1997 Simpson Birungi alianzisha kampuni ya Movit nchini Uganda, na makopo yake yakaja kujaa kwenye rafu za saluni za Kenya. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza mwaka 2010, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kikazinduliwa rasmi mwaka 2018, na utaratibu rahisi wa forodha unamruhusu mchuuzi kuvusha bidhaa za kanda hii zenye thamani isiyozidi dola 2,000 bila ushuru. Mji ambao akina mama wake walivizia mafuta ya nywele usiku sasa unauza mafuta hayo mchana, yakielekea upande wa pili.

Wapo watakaosema kwamba kusuka nywele zingali mbichi ni desturi yenye madhara: huleta harufu, huchochea choa, huvuta ngozi ya kichwa mpaka nywele za kwenye paji zitoke. Lawama hizo zina msingi zikimhusu msusi anayefunga msuko mzito juu ya kichwa kinachotiririka maji, kwani unyevu uliofungiwa humo hukaa siku nyingi. Lakini mafundi wazuri hutenganisha hatua mbili: kwanza kuzinyoosha nywele kwa uzi au kwa mafungu mapana wakati zina unyevu, kisha kuzisuka zikiwa zimekauka. Upara wa kwenye paji huletwa na kukaza, na kukaza huumiza nywele kavu kama zinavyoumia mbichi. Madhara mengi hutokea pale hatua ya kwanza inaporukwa kwa haraka, na haraka hiyo hutoka kwa mteja ambaye hana muda au hana pesa za kulipia muda wa mwingine.

Mgawanyo huo wa hatua mbili unaonekana leo katika bei za saluni. Kuosha na kukausha kwa mashine huhesabiwa peke yake, kusuka huhesabiwa peke yake, na umeme ukikatika kazi ya kwanza husimama huku ya pili ikiendelea. Mteja aliyezifunga nywele zake uzi tangu jana na kulala nazo hulipia kusuka tu. Anayefika kichwa kimelowa mvua hulipia kuosha, kukausha na kusuka.