Dai la Maziwa katika Nchi ya Ituru

Mtu asafiriye kwa gari la moshi kutoka Dodoma kwenda Tabora, akishaipita Manyoni na kuikaribia Itigi, huviona vichaka vilivyofungamana hata jicho lisipate pa kupenya, naye aghalabu hudhani kwamba hiyo ni nchi isiyo na taarikh, pori ambalo wanadamu walilipitia kwa haraka wakenda zao. Dhana hiyo si ya jana. Misafara ya karne ya kumi na tisa, iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ndiko Tabora, kutafuta pembe za ndovu, iliuita ukanda huo Mgunda Mkali, ikauogopa kwa kiu na njaa yake. Na mpagazi aliyetoka Ugogo, baada ya watemi wa Wagogo kutwaa hongo yao ya nguo, shanga na nyaya, alijifunga kibwebwe na kumwomba Mungu amfikishe Tura akiwa hai. Walakini nchi hiyo, pamoja na nchi ya Wanyaturu iliyo kaskazini yake, ambazo zote leo ni za Mkoa wa Singida, imeguswa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karibu na vya mbali, na ndani yake lilitolewa dai la haki ambalo hadi sasa halijapewa nafasi yake katika vitabu vyetu.

Marekani ilipasuka vipande viwili, majimbo ya kusini yaliyotaka kudumisha utumwa yakajitenga, na Aprili 1861 vita vikaanza, vikapiganwa miaka minne. Habari hiyo yaweza kuonekana kuwa haituhusu, mpaka tukumbuke nguo iliyokuwa mabegani mwa wapagazi wa Mgunda Mkali. Tangu mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said na Wamarekani, majahazi ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, yalikuwa yakileta Unguja ile nguo nyeupe ngumu iitwayo merikani, ambayo watu wa bara waliipenda kuliko nyingine zote, ikawa ndiyo fedha ya njiani, hata hongo ikahesabiwa kwa doti zake. Nguo hiyo ilifumwa kwa pamba ya majimbo ya kusini, nayo pamba ya kusini ilichumwa kwa mikono ya watumwa, ambao wengi wao walikuwa wajukuu wa watu waliochukuliwa kutoka katika bara letu hili. Vita vilipozuia pamba, viwanda vya kaskazini vikapungukiwa, merikani ikaadimika Unguja na bei yake ikapanda, na wafanyabiashara wakaleta nguo za Uingereza na za Bara Hindi ili kuziba pengo. Hivyo mtemi wa Ugogo, ambaye hakupata kulisikia jina la Abraham Lincoln, alivipata vita vyake katika kipimo cha hongo.

Na katika miaka hiyo hiyo Unyanyembe nako kulikuwa na vita vya ndugu kwa ndugu. Mtemi Mnywa Sere alitaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu waliokaa katika nchi yake; nao, kwa kuliona jambo hilo kuwa ni hasara kwao, walimwondoa katika kiti chake wakamtawaza Mkasiwa, na Wanyamwezi wakagawanyika, huyu upande huu na huyu upande ule. Mnywa Sere alikimbilia porini, akawa akiivamia misafara njiani. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant, walipovuka Mgunda Mkali mwishoni mwa 1860 na mwanzoni mwa 1861, waliingia katikati ya fitina hiyo: wapagazi wao walitoroka, chakula kilikuwa haba, na Mnywa Sere mwenyewe alimwendea Speke kumwomba amsuluhishe na Waarabu. Suluhu haikupatikana. Mnywa Sere aliuawa mwaka 1865, mwaka ule ule ambao vita vya Marekani vilikwisha. Sisemi kwamba vita hivi viwili vilikuwa na chanzo kimoja. Nasema tu kwamba yule mpagazi, aliyekwenda na mzigo wake baina ya vita vya Unyanyembe mbele yake na vita vya Marekani vilivyokuwa vimemwadimishia nguo nyuma yake, alilipa gharama ya vyote viwili.

Ama jambo ambalo hunishangaza zaidi ni kwamba, miaka kumi baada ya vita vya Marekani kwisha, askari mmoja wa vita vile alikuja kupigana Ituru, ndiyo nchi ya hao Wanyaturu. Huyo ni Henry Morton Stanley, aliyezaliwa Denbigh katika nchi ya Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akaenda Marekani angali kijana, akajiandikisha katika jeshi la kusini, upande wa wenye watumwa. Alitekwa katika vita vya Shiloh, Aprili 1862, akafungwa katika kambi ya Camp Douglas huko Chicago. Na ili atoke katika kifungo hicho, ambamo wafungwa walikuwa wakifa kwa maradhi, alikubali kuingia jeshi la kaskazini, akakaa siku chache, akaugua, akaachiliwa. Mwaka 1864 akaingia katika jeshi la majini la kaskazini, na mwaka uliofuata akatoroka. Basi huyu alivaa sare za pande zote mbili za vita vilivyoamua kama mtu mweusi ni mtu au ni mali, na kwa kadiri nionavyo katika maisha yake ya baadaye, suala lenyewe halikumkalia rohoni.

Safari yake ya pili katika nchi yetu, iliyolipiwa na magazeti ya Daily Telegraph la London na New York Herald, ilitoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ikiwa na watu 356, wengi wao wangwana wa Unguja. Mwanzoni mwa Januari 1875 Stanley aliiacha njia kuu ya Unyanyembe huko Ugogo, akageukia kaskazini-magharibi aitafute njia fupi ya kwenda Ziwa Nyanza. Waliomwongoza walitoroka, msafara ukapotea porini, na watu wakaanza kufa kwa njaa. Hapo sanduku moja la chuma lilimwagwa vitu vyake, likajazwa maji, likawekwa motoni, na ndani yake ukapikwa uji mwepesi wa unga wa shayiri uliotoka katika akiba ya Wazungu, ukagawiwa watu zaidi ya 200. Waliponusurika walifika Suna, katika nchi ya Warimi, ndio Wanyaturu, wakauziwa chakula. Huko mbele kidogo, mahali alipopaandika Chiwyu, kijana Edward Pocock, mmoja wa Wazungu wa msafara, alifariki kwa homa tarehe 17 Januari, akazikwa chini ya mgunga, na ndugu yake Frank akachora msalaba katika gome la mti.

Siku chache baadaye walipiga kambi Vinyata, katika Ituru. Tayari walikwisha mpoteza Kaif Halleck, yule tarishi wa barua aliyefuatana na Stanley tangu safari yake ya 1871, ambaye alibaki nyuma kwa ugonjwa akauawa njiani; kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa na shaka. Hata hivyo siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri: mganga mkuu wa mahali pale alikuja kambini, akapokea zawadi, na ng'ombe akachinjwa. Tarehe 23 asubuhi zikasikika kelele za vita. Stanley akamtuma mtu ajuaye lugha akaulize sababu, na jibu likaja wazi kabisa: mmoja wa watu wake ameiba maziwa na samli, na wenyeji wanataka walipwe. Kikatolewa kitambaa, wakalipwa, na wazee wakasema wameridhika.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Watu hawa walikuta wageni mamia, wenye bunduki za Snider, wamejenga kambi katika nchi yao bila ya ruhusa, na mmoja wao amewaibia. Nao kabla ya kurusha mshale walieleza kosa, wakataja fidia, wakaipokea, na wazee wakataka shauri liishe. Hiyo ndiyo sheria. Wala haipunguziwi hadhi na kule kutokuandikwa. Bahati mbaya vijana hawakuridhika na uamuzi wa wazee wao, nao waliwashambulia watu wa msafara waliokuwa wakikata kuni, wakamwua mmoja, na vita vikaanza.

Vita hivyo havikuwa vya kulinda kambi peke yake. Stanley alizungusha boma la miiba, kisha akatoa vikosi vinne vya watu kumi kumi wakawafuate wenyeji vijijini. Kikosi kimojawapo, ambacho mkubwa wake alikuwa Farjalla Christie, kilikimbilia mbele kwa pupa kikazingirwa na kuangamizwa, akaokoka tarishi peke yake aliyerudi mbio kutoa habari. Vikosi vingine vilichoma matembe, vikapora ng'ombe na nafaka. Na ile nafaka ndiyo iliyoulisha msafara ulipoondoka usiku wa kuamkia tarehe 26. Kwa siku hizo tatu msafara ulipoteza watu zaidi ya 20, na Stanley alipofika Kagehyi kando ya Ziwa tarehe 27 Februari, baada ya siku 103 za safari, alikuwa amebaki na Wazungu wawili na watu 166.

Majina ya wengi waliokufa upande wake tunayo kwa kuwa aliyaandika. Kaburi la Edward Pocock tunalijua lilichimbwa chini ya mti gani. Lakini Wanyaturu waliouawa katika matembe yao hawana hata hesabu iliyo ya kuaminika, kwa sababu aliyewapiga ndiye aliyekuwa na kalamu, na kitabu chake cha 1878 kilisomwa Ulaya na Marekani kama kitabu cha ushujaa. Hili naliona ni dhuluma ya pili, nayo, tofauti na ile ya kwanza, ingali yaweza kupunguzwa.

Kizazi kimoja baadaye walikuja Wajerumani, wakajenga boma Kilimatinde na jingine Mkalama, wakataka kodi na kazi. Katika kumbukumbu za Wanyaturu jina linalotajwa kwanza katika upinzani wa wakati huo ni la mwanamke, Liti, aliyekuwa mganga, ambaye wazee husimulia kwamba aliwatuma nyuki wakawavamia askari wa Kijerumani hata wakatawanyika, na kwamba mwisho Wajerumani walimwua. Wapo wanaoisikiliza hadithi hiyo kwa kutabasamu. Mimi siioni kuwa ya kuchekwa. Singida ni nchi ya asali. Mizinga hutundikwa mitini tangu Itigi hata Iramba, na mtu aliyelelewa nayo anajua kundi la nyuki wakali huweza kufanya nini kwa safu ya askari waliobeba bunduki ambazo hazina la kufanya mbele ya mdudu. Kama alikuwa na elimu ya mizinga, au elimu ya dawa, au zote mbili, hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba watu wake walimwamini wakamfuata, na kwamba uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa umepewa jina lake. Yeye basi amepata walichokikosa wale Wanyaturu wa Vinyata wasiojulikana majina.

Mintarafu ya utumwa, ambao ndio uliokuwa kiini cha vita vya Marekani, Tanganyika ilichelewa sana. Huko Marekani ulikomeshwa kwa marekebisho ya katiba mwaka 1865. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na hali ya utumwa yenyewe ikafutwa kisheria katika visiwa mwaka 1897. Wajerumani hawakuufuta katika bara. Waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 wawe huru, na hao wengine wakaachwa wajikomboe au wafe. Ilibidi kungoja sheria ya Waingereza ya mwaka 1922 ndipo utumwa ukakoma Tanganyika nzima, miaka 57 baada ya Marekani, na wakati huo reli ilikwisha pita Manyoni na Itigi, katika Mgunda Mkali ule ule, kwa miaka kumi.

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, lakini haki za mtu mmoja mmoja hazikuandikwa katika sehemu ya katiba inayoshitakika mpaka yalipofanywa mabadiliko ya mwaka 1984, na mahakama zilianza kuzisikiliza kesi zake mwaka 1988. Ibara ya 24 yasema kwamba kila mtu ana haki ya kumiliki mali na ya kupata hifadhi kwa mali yake kwa mujibu wa sheria, na kwamba asinyang'anywe mali hiyo ila kwa idhini ya sheria yenye kuweka fidia inayostahili. Wazee wa Vinyata walilidai hilo hilo asubuhi ya tarehe 23 Januari 1875, kwa ajili ya maziwa na samli, na walilipwa.