Mwangwi Uliofika Upande wa Kulia wa Moyo

Hadi miaka ya 1970, daktari aliyetaka kujua shinikizo la damu katika mshipa uendao mapafuni hakuwa na njia ya kuaminika ila kupitisha katheta hadi ndani ya moyo. Werner Forssmann aliujaribu mrija wa namna hiyo mwilini mwake huko Eberswalde, Ujerumani, mwaka 1929. André Cournand na Dickinson Richards waliufanya kuwa kipimo cha kutegemewa, na mwaka 1956 wote watatu wakapewa Tuzo ya Nobel.

Njia ya sauti ilianzia kwenye vyuma. Kiwanda cha meli mjini Malmö, Sweden, kilikuwa na mtambo wa ultrasaundi wa kutafutia nyufa, na mwanafizikia Hellmuth Hertz akaenda kuujaribu kifuani mwake. Mwenzake, daktari Inge Edler wa Lund, alikuwa na swali zito: vali ya mitrali ya mgonjwa imebana, au inavuja? Mpasuaji alihitaji jibu kabla ya kushika kisu. Tarehe 29 Oktoba 1953 wakanasa mwangwi wa moyo unaopiga.

Mwangwi ulionyesha kuta na vali zikicheza, lakini shinikizo halionekani. Hapo ndipo anapoingia Liv Hatle wa Trondheim, Norway, daktari ambaye kwa maoni yangu anastahili kujulikana kuliko anavyojulikana. Pamoja na mhandisi Bjørn Angelsen, na wakifuata kazi ya Jarle Holen wa Oslo, alitumia Dopla, mbinu ya ultrasaundi inayosoma mwendo, kupima kasi ya damu, kisha akaigeuza kasi kuwa shinikizo: zidisha kasi kwa kasi, kisha mara 4.

Katika shinikizo la juu la mapafu, chemba ya kulia huelemewa, na mara nyingi vali ya trikaspidi huvuja. Mvujo huo ndio unaotoa siri. Damu ikirudi kwa mita 3 kwa sekunde, tofauti ya shinikizo ni milimita 36 za zebaki. Ikirudi kwa mita 4, ni 64. Mwaka 1984, Paul Yock na Richard Popp wa Stanford walilinganisha hesabu hiyo na katheta, na zikakaribiana sana.

Lakini shinikizo pekee halisemi kama moyo bado unamudu kazi. Chemba ya kulia ina umbo gumu kupimika, kwa hiyo madaktari hupima pete ya trikaspidi inateremka kiasi gani moyo unapojikaza. Chini ya milimita 17 ni dalili ya udhaifu. Hutazama pia ukuta wa kati, ambao shinikizo likizidi husukumwa kushoto.

Kwetu Afrika Mashariki, vali iliyobanwa na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ile ile iliyomsumbua Edler, bado hupandisha shinikizo la mapafu, na kichocho sugu nacho kinaweza kulipandisha. Eko, yaani kipimo hicho cha mwangwi, ndiyo hulibaini mapema. Mvujo ukiwa hafifu, hata hivyo, kasi yake haisomeki vizuri, na uthibitisho wa mwisho ungali kwa katheta.