Uhakiki wa Unyenyekevu: Shen Zhou mbele ya Gombo la Huang Gongwang

Katika sanaa ya mandhari ya China, maneno yaandikwayo kwenye mchoro huhesabiwa kuwa sehemu yake. Msomaji wa haraka huweza kuyachukulia kama pambo. Makala haya yanadai kwamba ni uhakiki, na mfano wetu ni Shen Zhou (1427–1509) wa Suzhou.

Huang Gongwang (1269–1354) alianza kulichora gombo la milima ya Fuchun mnamo 1347. Mwaka 1350, kazi ikiwa bado haijakamilika, aliandika kwamba ni mali ya rafikiye Wuyong, ambaye alichelea lisije likanyakuliwa kwa hila. Hofu ile haikuwa bure. Zaidi ya karne moja baadaye Shen Zhou, mmiliki wake wakati huo, alimkabidhi mtu aliandikie maneno. Mwana wa mtu huyo akalidhulumu, kisha akaliuza. Shen hakuwa na fedha za kulikomboa. Mwaka 1487 alilichora upya kwa kumbukumbu tu. Maandishi yake kwenye nakala hiyo yanausimulia mkasa wote bila kumtaja mdhulumu kwa jina. Anamsifu Huang kwa kipimo mahususi, kwamba wino wake ungeweza kudhaniwa kuwa wa Juran, bingwa wa karne ya 10; kuhusu nafsi yake anasema tu kwamba kitu kikiwa mbali uhalisi hupotea, na kwamba mbele ya karatasi aliduwaa.

Wapenzi wa tenzi zetu wamezoea mtunzi aombaye radhi katika tamati. Radhi ile aghalabu ni ya kaida. Ya Shen yaweza kupimwa, kwani nakala ipo Beijing.

Kufikia 1488 gombo lenyewe lilikuwa mikononi mwa afisa Fan Shunju, naye Shen akaliandikia. Hakudai chochote. Alijiuliza kama si roho ya mzee Huang iliyolilinda na kumchagulia mlinzi mpya. (Linganisha na Mfalme Qianlong, aliyelijaza gombo bandia maandishi yake zaidi ya 50 akilidhania la kweli!)

Mwaka 1650 gombo la Huang lilitiwa motoni na mmiliki wake, likaokolewa likiwa vipande viwili, ambavyo leo vimo Hangzhou na Taipei. Sehemu ya mwanzo ilipotea, na watafiti wanaotaka kuikisia huitazama nakala ile ya 1487.