Bei ya Serikali na Bei ya Dukani: Rejareja Mkoani Singida

Duka la rejareja liliingia Singida nyuma ya kodi na reli. Kabla ya hapo Wanyaturu na Wanyiramba walikuwa na biashara yao ya siku zote: mwaka wa mavuno mema uwele na mtama viligeuka mbuzi, mbuzi wakageuka ng'ombe, na njaa ilipobisha hodi ng'ombe alirudi kuwa nafaka. Harold Schneider, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu mnamo 1959 na 1960, alieleza katika kitabu chake cha 1970 kwamba mifugo hiyo ilifanya kazi ileile inayofanywa na fedha kwingineko. Lakini kodi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, ilitaka sarafu, na sarafu alikuwa nayo mwenye duka. Yeye ndiye aliyenunua ngozi, samli na nafaka, akauza chumvi, nguo, shanga na majembe. Kwa upande wa dhahabu Singida haikuwa na upungufu: sarafu za rupia 15 zilizotengenezwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani wakiwa vitani, zilitokana na dhahabu ya Sekenke huko Iramba. Tatizo la sarafu ya namna hiyo ni kwamba duka la kijijini lisingeweza kuirudishia chenji.

Reli ya Kati ilipita Manyoni na kufika Tabora mwaka 1912, na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu wakasogea nayo. Katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri. Mizigo haikutosha, na katika miaka ya 1940 tawi hilo likang'olewa. Kwa miongo kadhaa kila kilichouzwa Singida mjini kilifika kwa lori, na gharama ya lori ililipwa na mnunuzi wa mwisho.

Bidhaa moja iliyokuja kwa njia hiyo ilibadilisha soko zima. Mafuta ya taa yalifika madukani ndani ya madebe ya bati, galoni nne kila debe. Mafuta yalipokwisha debe halikutupwa, likawa kipimo cha mahindi, mtama na karanga. Mkulima alipeleka nafaka yake kwa debe na kurudi na chumvi kwa kibaba, na vipimo vyote viwili vilishikwa na mtu mmoja. Mtu huyohuyo aliandika madeni daftarini msimu wa kilimo na kuyadai msimu wa mavuno, bei ya mazao ikiwa chini. Manung'uniko juu ya maduka ya zamani yalikuwa juu ya hilo kuliko juu ya bei ya sukari. Hata hivyo daftari hilo ndilo lililozivusha kaya nyingi miezi ya njaa.

Baada ya Uhuru serikali iliamua kumwondoa mtu wa kati. COSATA, jumuiya ya kuyaletea maduka ya ushirika bidhaa, iliundwa mwaka 1962. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 likaja shirika la STC, lililochukua biashara ya jumla na ya kuagiza kutoka nje. Mwaka 1973 shirika hilo liligawanywa, kila mkoa ukapata RTC yake, yaani kampuni ya biashara ya mkoa, na mwaka huohuo ikaundwa tume ya kupanga bei. Duka la bei nafuu, kwa hiyo, lilifika Singida kama sera. Ujerumani, ambako ndugu wawili wa ukoo wa Albrecht walianza kutumia jina la Aldi mwaka 1962, duka la namna hiyo lilizaliwa na hesabu: bidhaa chache, zikiwa ndani ya maboksi yake, bila mapambo, bei chini. Duka la kijiji nalo lilikuwa na bidhaa chache na halikuwa na mapambo, ila kwa sababu nyingine.

Mwaka 1976 ulikuja msukumo uliojulikana kama Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, ya ushirika na ya vijiji yashike nafasi. Agizo lilitekelezwa kwa kasi kubwa kuliko uwezo wa RTC kuleta mzigo, na kabla ya mwaka kwisha likasitishwa. Kisha vikaja Vita vya Kagera na ukame wa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ya serikali ilibaki kuwa nafuu kweli, lakini ilikuwa bei ya rafu tupu. Sukari ilipofika iligawiwa kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi, kila kaya na mgao wake, na foleni ilianza kabla ya jua kuchomoza. Aliyekosa alikwenda kwa mlanguzi, akalipa mara kadhaa ya bei iliyopangwa, akarudi nyumbani na sukari. Hapo ndipo duka la bei nafuu liliposhindwa: mlanguzi alikuwa na mzigo, nalo halikuwa nao. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, uliwatisha wenye mali na kuzidisha uhaba. Mwaka uliofuata bajeti iliruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, rafu zikajaa tena.

Maduka yaliyofaidika na ruhusa hiyo ni ya jumla. Singida ina mfano wake: Mohammed Dewji, aliyezaliwa Ipembe mwaka 1975 na kuwa mbunge wa Singida Mjini kati ya 2005 na 2015, anatoka katika familia iliyofanya biashara mjini hapo. Leo sabuni, unga na mafuta ya kampuni ya familia hiyo, MeTL, vinauzwa nchi nzima.

Supamaketi kubwa za kigeni hazikufika. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache baadaye, zote zikiwa zimeng'ang'ania Dar es Salaam na miji ya kaskazini. Kinachoitwa supamaketi Singida ni duka la mwenyeji lenye rafu, kikapu na risiti, linalotegemea watumishi, wanafunzi wa vyuo na wasafiri. Linashindana na maduka ya jumla ya mjini, ambako katoni hufunguliwa mbele ya mteja, na Mangi wa mtaani, jina analopewa mwenye duka hata asipokuwa Mchaga.

Kwa Mangi mche wa sabuni hukatwa vipande kwa kisu, sukari hupimwa robo, mafuta ya kula humiminwa kwa kikombe kwenye chupa aliyokuja nayo mtoto aliyetumwa. Ukijumlisha vikombe hadi lita, mteja wa kikombe amelipa zaidi ya mteja wa supamaketi, na yeye analijua hilo. Ila mfukoni ana jero, na daftari bado lipo chini ya kaunta.

Kwenye mafuta ya alizeti ushindani unageuka. Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, ni mkoa ambao serikali iliuchagua kwa kilimo cha zao hilo, na viwanda vidogo vya kukamua vimetapakaa. Kando ya barabara kuu madumu ya lita 5 na 20 hupangwa juani, yenye rangi ya asali. Abiria hushuka kwenye basi, hugeuza dumu kutazama mashapo, hupatana bei na kulisukuma chini ya kiti. Chupa yenye lebo iliyoko kwenye rafu ya supamaketi hupangiwa bei kwa kulitazama dumu hilo.