Mkono na Kompyuta: Miaka Sitini ya Kusoma RNA

Mwaka 1965, Robert Holley na wenzake wa Cornell, Marekani, walitangaza kwamba wameisoma RNA moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa na herufi 77 tu. Kupata gramu moja safi ya RNA hiyo kuliwagharimu kilo 140 hivi za hamira na miaka mitatu ya kazi. Kuisoma kukala miaka mingine zaidi ya miwili. Mwanafunzi wa enzi hizo alihitimu kwa uvumilivu na wepesi wa mikono.

Kwa nini watu wajitese hivyo? Seli ya ini na seli ya neva zina jeni karibu zilezile. Zinatofautiana kwa jeni zipi zinanakiliwa kuwa RNA, na kwa wingi gani. Anayeihesabu RNA anajua seli inafanya nini. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwake, waligundua kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA, na mashine nyingi za leo bado husoma nakala hizo za DNA. Mwaka 1995 kipande kimoja cha kioo huko Stanford kilipima RNA ya jeni 45 za mmea kwa pamoja. Mwaka 2008 maabara kadhaa zikaanza kusoma RNA yote ya seli, vipande kwa mamilioni.

Hapo masomo yakahamia kwenye kompyuta. Mwanafunzi wa uzamili sasa hana budi kuijua R, lugha ya programu iliyozaliwa Auckland, New Zealand. Huko Nairobi, kituo cha sayansi za kibiolojia cha BecA, kwenye kampasi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kimewafundisha watafiti vijana wa Afrika kazi za maabara na uchambuzi wa data pia, na mpango huo wa kufundisha vyote viwili ndio ninaouunga mkono.

Maana RNA haina subira. Ngozi ya vidole ina vimeng'enya vinavyoikatakata, na baadhi ya vimeng'enya vya jamii hiyo huvumilia hata kuchemshwa. Kwa njia ya kutenga RNA waliyoichapisha Chomczynski na Sacchi mwaka 1987, mchanganyiko wa seli na kemikali ukizungushwa kwa kasi hujitenga: juu maji maangavu yenye RNA, katikati utando mweupe, chini kemikali ya fenoli. Mwanafunzi huinamisha kichupa, akanyonya maji ya juu polepole, na kuacha kidogo ili asiuguse utando. Akiugusa, DNA inaingia kwenye sampuli. Na RNA ikishakatika, hakuna programu itakayoiunga.

Hata idadi ya sampuli huamuliwa kabla glavu hazijavaliwa. Mwaka 2016 watafiti wa Dundee, Scotland, walichapisha matokeo ya jaribio la hamira walilolirudia mara 48 kwa kila kundi. Walipochambua marudio matatu tu, ambayo wengi wameyazoea, programu nyingi zilinasa asilimia 20 hadi 40 tu ya jeni zilizoonekana kubadilika kwenye data nzima. Wakashauri marudio yasipungue sita.