Mafuta ya Gari la Polisi Sericho

Hebu tuanze na swali dogo la pesa. Gari la polisi limeegeshwa Sericho, tangi liko tupu, na ngamia wa mtu wamepelekwa usiku. Ni nani mwenye uwezo wa kusema gari litiwe mafuta? Si chifu. Si mwakilishi wadi ambaye watu wa Sericho walimpigia kura. Si hata gavana, pamoja na bendera yake kwenye gari. Pesa za mafuta hayo ziliamuliwa Nairobi miezi mingi kabla, ndani ya bajeti ambayo hakuna mtu wa Sericho aliyeulizwa juu yake.

Kwa wengi wetu huku mjini, Isiolo ni mahali basi la Marsabit linaposimama ununue maji na miraa. Sericho iko mbali zaidi, takriban kilomita 200 mashariki ya mji, kule mto Ewaso Nyiro unakochoka na kuishia kwenye kinamasi cha Lorian. Ni moja ya wadi tatu za Isiolo Kusini, pamoja na Garbatulla na Kinna, na inapakana na Wajir na Garissa. Kaunti nzima ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002. Kasarani peke yake ina watu wengi kuliko hao. Sasa fikiria kulinda eneo kama hilo kwa magari unayoweza kuhesabu kwa vidole.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda, na kozi yenyewe ilikuwa usimamizi wa umma. Kilichobaki ni tabia ya kusoma vitabu vya bajeti jinsi marafiki zangu wanavyosoma mikeka ya mechi. Nilipoanza kutafuta ni nani ameidhinisha pesa za polisi kule kwetu, miaka yote, nilidhani nitapata kamati fulani iliyosahaulika. Nilichopata ni orodha ndefu ya watu waliolipa bila kuulizwa.

Anza na 1909. Mwaka huo serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya adhabu ya pamoja. Ikionekana kwamba kijiji au kabila limemficha mhalifu, au limekataa kutoa ushahidi, wote wanatozwa faini. Kwa wafugaji faini ni mifugo, hawana kitu kingine cha kutozwa. Kwa hiyo ng'ombe wa mjane ambaye hajawahi kumwona huyo mwizi anaondoka pamoja na ng'ombe wa shemeji ya mwizi. Baadaye, 1934, ikaja sheria ya utawala wa wilaya maalum, na maisha ya kaskazini yakazidi kuwekwa mikononi mwa ofisa mmoja: uende wapi, ulishe wapi, ukae wapi. Ofisa huyo alikuwa na polisi wake wa kikabila, wale waliojulikana kama dubas kwa vilemba vyao vyekundu. Hakukuwa na baraza la wenyeji lililoulizwa kama dubas wanatosha au wamezidi.

Nikisema hivyo kuna mtu atajibu: zama zilikuwa hizo, nani aliulizwa wakati ule? Waingereza waliulizwa, kwao. Tangu 1835 miji ya Uingereza ilikuwa na kamati za madiwani zilizosimamia polisi wa mji. Sheria ya serikali za mitaa ya 1888 ikaleta kamati za pamoja katika kaunti, nusu mahakimu, nusu madiwani, na kazi yao moja ilikuwa kuamua polisi wa kaunti watumie pesa ngapi. Yaani wakati ofisa wa Isiolo anahesabu ng'ombe za faini, huko alikotoka binamu zake walikuwa wanabishana kwenye kamati kuhusu bei ya viatu vya polisi. Maarifa yalikuwepo. Hayakupakiwa melini tu.

Halafu uhuru ukaja, na kwa muda mfupi sana ikaonekana kama mambo yatageuka. Katiba ya 1963 iligawa nchi katika majimbo saba yenye mabunge yao, na polisi wakapangwa kuwa na vikosi vya majimbo chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Isiolo iliwekwa Jimbo la Mashariki, makao makuu Embu. Kwenye karatasi, mtu wa Sericho angeweza kuwa na mwakilishi Embu anayeuliza karao wako wapi. Embu ni mbali, lakini ni karibu kuliko Nairobi.

Haikudumu. Juni 1963, miezi sita kabla ya bendera kupandishwa, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi upande wa Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Ukipita Wabera Street pale katikati ya Nairobi ukienda kuchukua matatu, ni yeye huyo. Mji unamkumbuka kama jina la barabara. Isiolo inamkumbuka kama mlango uliofungwa, kwa sababu yaliyofuata yote yalikuwa vita. Mwisho wa Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki, ikaja kufika Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na mabadiliko ya katiba ya mwaka huo yakavunja nguvu za majimbo. Mabunge ya majimbo yakabaki kama mabaraza ya mikoa, nayo yakafutwa 1968. Polisi walirudi Nairobi na hawajatoka tena.

Vita vya shifta vimeandikwa na wengine, na vizuri, kwa hiyo nitagusa sehemu ya pesa tu. Watu wa Isiolo walikusanywa katika kambi za Garbatulla, Merti na Modogashe. Mifugo iliyozuiwa kutoka ilikufa kwa njaa. Ngamia waliuawa kwa sababu serikali iliamini shifta wanawabebesha mizigo. Waborana wa Waso wanakiita kipindi hicho gaafa daaba, wakati mambo yaliposimama. Akko yangu, aliyekuwa msichana wakati huo, bado huzima redio akisikia neno operesheni. Sasa ukitaka kujua gharama ya usalama ya miaka ya sitini, usiangalie kitabu cha hazina peke yake. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na ngamia ambao hawakuandikwa popote. Na 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa dhidi ya mashtaka kwa yale yaliyofanyika kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967. Ukitafuta sheria ya kulipa fidia yenye tarehe zilizopigwa mstari hivyo, utatafuta sana. Hali ya hatari yenyewe iliondolewa 1991. Watu walizaliwa, wakaoa na kupata watoto ndani yake.

Twende 2010. Katiba mpya, ugatuzi, kila mtu mtaani anasema doo zimeshuka mashinani. Zimeshuka kweli: kaunti zote kwa pamoja lazima zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Lakini fungua Jedwali la Nne uone nani kapewa nini. Polisi wako upande wa serikali ya taifa. Kaunti imepewa maji, masoko ya mifugo, taa za barabarani, leseni za vileo, na askari wake wa kanjo. Kamati ya usalama ya kaunti inaongozwa na kamishna wa kaunti, ambaye ni mtu wa Nairobi. Na 2022 mamlaka ya kusimamia bajeti ya polisi yalipoondolewa ofisi ya rais, yalipewa Inspekta Jenerali. Ilikuwa hatua nzuri kwa uhuru wa polisi dhidi ya wanasiasa, mimi sibishi. Ila kutoka Sericho, pesa zilihama jengo tu, mji ukabaki uleule.

Na hapa ndipo nilipokutana na kifungu kinachoninyima usingizi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inasema kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana, au mtu wa baraza lake la mawaziri. Wanaingia wawakilishi wawili kutoka bunge la kaunti, wakuu wa polisi, upelelezi na ujasusi wa kaunti, na wakazi wasiopungua sita: biashara, mashirika ya jamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalum, dini, vijana. Kazi zao ni nyingi: kupendekeza vipaumbele, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kupokea ripoti za vikao vya raia na polisi. Na katikati ya orodha hiyo, bila mbwembwe, kuna kazi ya kusimamia matumizi ya bajeti ya polisi wa kaunti.

Soma tena. Kusimamia matumizi. Miaka 102 baada ya ile sheria ya faini, mtu fulani Nairobi aliandika kwamba kijana wa kaunti aketi mezani na mkuu wa polisi amuulize mafuta yalienda wapi.

Kisha kaunti nyingi zikaendelea kusubiri. Magavana walilalamika kwamba mamlaka hizo hazianzi. Serikali kuu haikuwa na haraka. Na kuna kichekesho ndani ya kifungu chenyewe: ili usimamie bajeti ya polisi wa kaunti, lazima kwanza bajeti hiyo ionekane. Pesa hupitishwa kwa pamoja kitaifa, kisha zinashuka kupitia makamanda. Unamwambia mtu akague mfuko ambao haujashonwa.

Najua kuna hofu ya kweli upande wa pili, na siidharau. Mpe gavana wa kaunti yenye jamii zinazogombania malisho usukani wa pesa za polisi, halafu subiri uchaguzi. Karao wataitwa wa jamii fulani kabla hata ya kulipwa mshahara. Hiyo ndiyo hoja iliyoua polisi wa majimbo 1964, na bado ina meno. Lakini kifungu cha 41 hakimpi gavana amri juu ya askari hata mmoja. Kinampa kiti cha kuuliza. Tofauti ya amri na swali ni kubwa.

Tena uhalifu unaoumiza Sericho hauanzi na bunduki. Unaanza na maji. Kisima kikichimbwa mahali ambapo jamii mbili hulisha kwa zamu, huo ni uamuzi wa usalama, hata kama kitabu cha kaunti kimeuandika chini ya maji. Waborana walilijua hili kabla ya serikali yoyote, ndiyo maana kuna aba herega wa kupanga zamu za kunywesha, na dedha, baraza la malisho. Kaunti inachimba kisima kwa bajeti yake. Ugomvi ukizuka, polisi wanakuja kwa bajeti ya Nairobi. Vitabu hivi viwili havisomwi kwenye meza moja, na meza pekee ambayo sheria iliwatengenezea ni ile ya kifungu cha 41.

Usiniambie wafugaji hawawezi kukaa na hesabu. Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kujaribu mfuko wa mabadiliko ya tabianchi ambapo kamati za wadi zenyewe huchagua mradi gani upate pesa. Watu walikaa, wakabishana kuhusu mabwawa na visima, wakachagua.

Wakati meza inasubiriwa, kazi inafanywa na wanaojitolea. Polisi wa akiba walianzishwa 1948, na kwa sehemu kubwa ya historia yao mpango umekuwa huu: tunakupa bunduki na risasi, mshahara hapana. Mtu anafuata nyayo za mifugo siku tatu, na mbuzi wake mwenyewe wanalishwa na mtoto aliyeachishwa shule kwa siku hizo. Hiyo nayo ni pesa, imetoka nyumbani kwake kuingia kwenye usalama wa taifa, na haina risiti. Mwaka 2019 serikali iliagiza bunduki zirudishwe ili watu hao wahakikiwe upya. Ulikuwa uamuzi mwingine mkubwa wa usalama uliofanywa kwenye chumba ambacho wao hawakuwemo.

Kalenda ya kaunti iko wazi kwa yeyote: mpango wa maendeleo wa mwaka ifikapo 1 Septemba, mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili, bajeti ipite kabla ya 30 Juni. Kuna vikao vya maoni ya wananchi katikati. Mtu wa Sericho akisimama aseme anataka doria, ofisa atamjibu kwa heshima kwamba hilo si jukumu la kaunti, na atakuwa amesema kweli. Akiuliza kuhusu Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ofisa hana jibu hilo. Kuiunda hakuhitaji kura ya maoni wala kugusa katiba. Kunahitaji gavana aandike majina sita ya wakazi, bunge la kaunti lipeleke wawili, na kamanda wa polisi aje na karatasi zake, ule ukurasa wa mafuta ukiwemo.