Leonidi za 1899

Leonidi za 1899 zilikuwa mvua ya vimondo iliyotarajiwa kuonekana kwa wingi katikati ya Novemba 1899 katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini, lakini haikutokea kwa kiwango kilichotabiriwa. Tukio hilo linakumbukwa pia kwa majaribio ya kupanda juu ya mawingu kwa puto ili kuangalia vimondo, hasa safari ya John Mackenzie Bacon, binti yake Gertrude na rubani Stanley Spencer huko Uingereza, iliyokaribia kuwaua wote watatu.

Msingi wa utabiri

Leonidi ni vimondo vinavyoonekana kila mwaka mnamo Novemba, vikionekana kutoka upande wa kundinyota Simba (pia Asadi, kwa Kilatini Leo). Hutokana na vumbi la nyotamkia 55P/Tempel-Tuttle, inayozunguka Jua katika muda wa takriban miaka 33. Chembe hizo huingia katika angahewa ya Dunia kwa kasi ya takriban kilomita 71 kwa sekunde.

Katika miaka mingi idadi ya vimondo ni ndogo, lakini mara kadhaa Dunia imepita katika sehemu nzito ya vumbi. Mwaka 1799 Alexander von Humboldt aliona vimondo vingi huko Cumaná (leo Venezuela). Usiku wa kuamkia 13 Novemba 1833 vimondo vilionekana Amerika ya Kaskazini kwa maelfu mengi, na watu wengi walidhani ni mwisho wa dunia. Denison Olmsted wa Yale alikusanya taarifa za mashahidi akaonyesha kwamba vyote vilitoka sehemu moja ya anga. Mnamo 1864 Hubert Newton alitabiri kurudi kwake mwaka 1866, na kweli Ulaya iliona mvua kubwa mwezi Novemba mwaka huo. Baada ya utabiri kutimia mara moja, wengi walichukua 1899 kama jambo la uhakika. Magazeti yalitangaza tukio hilo kwa umma mapema.

Onyo lilitolewa, ila kwa kuchelewa. George Johnstone Stoney na Arthur Downing walikokotoa kwamba mvutano wa Mshtarii na Zohali ulikuwa umesogeza mkondo wa vumbi, kwa hiyo sehemu nzito ingeweza kupita mbali na Dunia. Hesabu hiyo haikuwafikia wasomaji wengi wa magazeti.

Tatizo la mawingu

Novemba katika Ulaya ya Kaskazini ni mwezi wa mawingu na ukungu. Mtazamaji aliye ardhini hana la kufanya anga likifunikwa: vimondo huwaka kwenye kimo cha takriban kilomita 100, wakati mawingu mengi ya tabaka hukaa chini ya kilomita 2 au 3. Kwa sababu hiyo puto lilionekana kuwa suluhisho, kwani tabaka la mawingu likipitwa anga huwa safi kabisa. Mjini Paris Jules Janssen alikuwa ameshahimiza safari za aina hiyo, na Novemba 1899 mwanaastronomia Mmarekani Dorothea Klumpke alipaa kutoka mji huo kwa puto lililoitwa Le Centaure. Aliona vimondo vichache tu.

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho puto halikuweza kukiondoa: mwezi ulikuwa karibu kuwa mpevu, na mwanga wake hufuta vimondo hafifu hata juu ya mawingu.

Safari ya Bacon

John Mackenzie Bacon (1846–1904) alikuwa kasisi aliyeacha kazi ya parokia na kujishughulisha na astronomia na urushaji wa puto. Alikuwa ameshasafiri hadi Norwei na Uhindi kuangalia kupatwa kwa Jua. Kwa ajili ya Leonidi aliandaa puto huko Newbury, magharibi mwa London, likajazwa gesi mapema ili liwe tayari usiku wowote utakaofaa.

Uamuzi huo ndio ulioleta hatari. Puto la kawaida lilikuwa na vali ya kutoa gesi kidogo kidogo, lakini vali kama hiyo huvuja, na puto la Bacon lilipaswa kuhifadhi gesi kwa siku nzima na zaidi. Kwa hiyo liliwekewa vali iliyofungwa kabisa, ambayo ikifunguliwa haifungiki tena. Ilifaa kutumika mara moja tu, karibu na ardhi. Kuifungua juu sana kungemaanisha kuanguka.

Alfajiri ya 16 Novemba 1899 watu hao watatu walipaa kupitia mawingu mazito na kufika penye nyota. Leonidi walizozihesabu zilikuwa chache mno. Kisha Jua likachomoza, likakausha puto lililolowa na kupasha gesi joto, na puto likazidi kupanda badala ya kushuka. Abiria hawakuweza kuona ardhi. Walisikiliza sauti za chini ili kukisia walipo, na kwa kuwa upepo uliwapeleka magharibi waliogopa kwamba wanaelekea Atlantiki. Waliandika ujumbe wa kuomba walinzi wa pwani waarifiwe, wakaudondosha kupitia mawingu.

Baada ya karibu masaa 10 hewani gesi ilipungua vya kutosha na puto likashuka katika upepo mkali karibu na Neath, Welisi ya Kusini, takriban kilomita 170 kutoka Newbury na si mbali na bahari. Kikapu kiliburutwa chini na Gertrude akavunjika mkono. Hakuacha kuruka: mwaka 1904 alipanda ndegeputo ya Spencer, na mwaka 1909 eropleni huko Reims, Ufaransa.

Baadaye

Kushindwa kwa utabiri kuliharibu sifa ya astronomia mbele ya umma, jambo ambalo wataalamu walilalamikia kwa miaka mingi. Lawama hiyo haikuwa ya haki kabisa, maana hesabu ya Stoney na Downing ilikuwa sahihi katika jambo kuu. Miaka ya 1930 nayo haikuleta mvua kubwa, lakini Novemba 1966 watu wa magharibi mwa Marekani waliona maelfu ya vimondo kwa dakika chache. Robert McNaught na David Asher walipokokotoa kila mkanda wa vumbi peke yake, walitabiri kilele cha 18 Novemba 1999 kwa tofauti ya dakika chache.

Mawingu yenyewe yalipoteza sehemu ya nguvu yake baada ya Vita Kuu ya Pili. Kimondo huacha njia ya hewa yenye chaji inayorudisha mawimbi ya redio, na mawingu hayazuii mawimbi hayo. Oktoba 1946 Bernard Lovell na wenzake huko Jodrell Bank walifuatilia mvua ya Drakonidi kwa rada.

Katika Afrika ya Mashariki Leonidi huangukia msimu wa vuli, kwa hiyo mawingu ni ya kawaida. Kilele huwa mnamo 17 Novemba, na kundinyota Simba huchomoza karibu saa saba usiku.